Jino limeacha kuuma lenyewe? Usishangilie. Nimetoka kutibiwa mzizi wa gego, nawasimulia yote

#1 Fundi_Msamvu

Habari zenu wana jukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro, mama wa watoto wawili. Juzi nimemaliza matibabu ya mzizi wa jino, yale ambayo hospitalini wanayaita RCT, kwenye gego la chini kushoto. Naandika kirefu kwa sababu nilihangaika sana kumpata mtu aliyeyapitia anieleze kwa Kiswahili cha kawaida. Niliambulia kutishwa tu. Mwenye jino linalomsumbua akae hapa, tutakwenda taratibu.

Lilianza Desemba, msimu wa sare za shule. Mafundi wenzangu mnaujua msimu ule, kitambaa kinaletwa leo na nguo inatakiwa juzi. Gego lilikuwa na tundu siku nyingi. Chakula kikiingia nakitoa na kijiti, maisha yanaendelea. Siku hiyo nikanywa chai ya moto, likashika. Chai nimeshameza, kikombe nimeshakiweka chini, lenyewe bado linadunda mpaka sikioni. Usiku ndiyo ikawa mateso. Nikijilaza linapiga sambamba na mapigo ya moyo, nikikaa kitako linapungua kidogo. Nilishona usiku tatu mfululizo kwa sababu kulala kulinishinda. Kilichonipa nafuu ni maji ya baridi: nayafumbata mdomoni upande ule, yakishapata joto nayatema, nachukua mengine. Ndoo nzima ilikuwa pembeni ya cherehani.

Dawa nilizotumia msiniulize sana. Panadol, diklofenaki, karafuu ya kusaga, na vidonge vya amoksilini alivyobakiza jirani. Kuna mtu alinishauri nidondoshee maji ya betri ndani ya tundu. Hilo nilikataa, na nawaomba mlikatae, maana yale ni asidi, yanaunguza fizi, ulimi na kila yanachogusa.

Baada ya wiki kama mbili likanyamaza. Chai ya moto nakunywa, silisikii. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na sare zangu.

Hapo ndipo nilipokosea, na hilo ndilo hasa lililonileta. Gego halikuwa limepona. Lilikuwa limekufa.

Daktari alinichorea kwenye karatasi, nami nawaeleza nilivyoelewa. Katikati ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likichimbika mpaka hapo, wadudu wanaingia na kiini kinavimba. Mkono ukivimba ngozi inatanuka, lakini kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana maumivu yake hayana mfano. Kikishabanwa vya kutosha, damu haifiki, kinakufa, na mshipa uliokufa hauwezi kukuambia unaumwa. Wadudu wenyewe hawajaenda popote. Wanashuka taratibu ndani ya mzizi mpaka kwenye ncha, kisha wanaanza kula mfupa wa taya.

Ilipofika Aprili nikaona kipele kwenye ufizi, chini ya gego, mfano wa chunusi. Nikikibonyeza kinatoa usaha wenye chumvichumvi. Hakiumi. Nikakipuuza. Wiki moja baadaye nikaamka shavu limejaa.

Kituo cha kwanza nilichokwenda walinipokea vizuri, lakini hawakunipiga picha wala kunieleza chochote zaidi ya bei ya kung'oa. Nikapanda kitini. Nimeshafungua mdomo, nikamkumbuka mama yangu. Mama kila jino likimuuma alikuwa anakwenda kung'oa, moja moja, miaka nenda rudi, mpaka akayamaliza hajafika sitini. Anapenda sana mahindi ya kuchoma. Siku hizi akiletewa anapukuchua punje kiganjani, anaziangalia, kisha anawapa wajukuu. Nikafunga mdomo, nikamuuliza mhudumu: hakuna namna ya kulibakiza? Akasema, "Hapa hatuna." Nikashukuru, nikashuka kitini. Mpaka leo namheshimu kwa kutoniambia kwamba haiwezekani.

Naendelea chini na matibabu yenyewe.

#2 Fundi_Msamvu

Kituo cha pili walianza na eksrei. Kwenye picha, ncha ya mzizi ilikuwa imezungukwa na kivuli cheusi, mduara mdogo kama punje ya choroko. Pale mfupa ulikuwa umeshalika. Daktari akaniambia gego kama langu kwa kawaida lina mizizi miwili, na ndani yake vifereji vitatu, wakati mwingine vinne. Kila kimoja lazima kipatikane na kisafishwe. Jino la mbele mara nyingi lina kifereji kimoja tu, ndiyo maana kulitibu ni kazi fupi na bei yake ni ndogo.

Sindano ya ganzi kwa meno ya nyuma ya chini inachomwa ndani kabisa, karibu na kona ya taya, ili iukamate mshipa mzima. Nilihisi mchomo na kubanwa, basi. Baada ya dakika chache mdomo nusu ukawa mzito. Walionitisha wote walikuwa wanazungumzia maumivu ya *kabla* ya matibabu, au ya ganzi ambayo haikusubiriwa ishike. Ukihisi kitu, nyanyua mkono, waongeze. Msijikaze.

Kilichofuata kilinivutia kama fundi. Walitandaza kitambaa chembamba cha mpira juu ya mdomo, wakakinyoosha kwenye fremu, sawasawa kabisa na fremu ya kudarizia. Gego peke yake likachomoza kwenye tundu dogo. Kazi yake ni kuzuia mate yasiingie kwenye jino linalosafishwa, na dawa au kifaa kisidondokee kooni. Kisha wakatoboa juu ya jino, wakaingiza visindano vyenye meno meno kama tupa. Kila saizi ina rangi ya kishikio: nyeupe ni namba 15, njano 20, nyekundu 25, bluu 30, kijani 35, nyeusi 40. Hiyo 15 maana yake ncha ina unene wa milimita 0.15. Nimeshika sindano maisha yangu yote, sikuwahi kufikiri kuna vifereji vyembamba kiasi hicho mdomoni mwangu. Anaingiza kimoja, anakwangua, anatoa, anasafisha kwa dawa ya maji, anachukua kinachofuata. Harufu ya ile dawa niliijua palepale. Nilipouliza, akasema ni sodiamu hipokloraiti, jamii ileile ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ila hii imetengenezwa kwa kipimo cha kitabibu. Tafadhali mtu asijaribu nyumbani.

Kuna kimashine kinacholia kadiri kisindano kinavyokaribia ncha ya mzizi, ndicho kinachomwambia akomee wapi. Nilikaa kitini kama saa moja na nusu. Mwisho akaweka dawa nyeupe ya kalsiamu haidroksaidi ndani ya vifereji, akaziba kwa muda, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Siku mbili za kwanza lilikuwa linauma nikiligusa, kama mahali palipogongwa. Panadol ilitosha. Siku ya tano nikatazama kwenye kioo, kile kipele kilichokaa wiki kibao kimefunga. Nililia, jamani.

Mara ya pili alitoa dawa, akasafisha tena, akakausha kwa vijiti vya karatasi, akajaza gutapacha. Ni vijiti vya rangi ya waridi, laini kama mpira, asili yake ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Vinafuata ule mfereji mpaka mwisho ili wadudu wasipate pa kuishi tena. Mara ya tatu akalijenga jino kwa juu na kuchukua vipimo vya kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulivika jino lote. Baada ya wiki tatu kofia ikaja, ikagandishwa. Juzi nimetafunia upande wa kushoto kwa mara ya kwanza tangu ile Desemba.

Gharama: mzizi nililipa laki mbili na nusu, kofia ikazidi kidogo hapo. Kung'oa kungekula sehemu ndogo tu ya hiyo hela. Nilikuwa nimepokea mchezo na nimeupangia cherehani ya ovaloki. Ovaloki itasubiri.

#3 DerevaWaUsiku

Dada fundi, umenifanya nizime pikipiki nisome. Mimi gego la juu kulia liliniuma mwezi wa nane, usiku silali, ikafika mahali nafunga kitambaa kichwani ndiyo naendesha. Likaacha lenyewe. Huu ni mwezi wa pili sasa halinisumbui, ila nikigonganisha meno nalisikia kama limekuwa refu kuliko mengine. Sina kipele wala uvimbe. Na mimi nimo?

#4 TabibuWaKinywa

Salaam wote. Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, kituo cha serikali, miaka kumi na moja sasa. Fundi ameeleza vizuri kuliko wengi wetu tunavyoeleza vyumbani. Niongeze machache na kurekebisha moja.

Kaka dereva, hiyo hali ya jino kuhisi refu linapokutana na mwenzake ni dalili ninayoisikia kila wiki. Mara nyingi maana yake uambukizo umefika kwenye ncha ya mzizi, tishu za pale zinavimba na kulinyanyua jino kidogo. Nenda ukapigwe eksrei wiki hii. Umelikuta katika muda mzuri, kabla shavu halijajaa.

Kurekebisha: si kila jino linalouma linahitaji kutibiwa mzizi. Likikushtua kwa kitu cha baridi au kitamu halafu likatulia papo hapo ukishameza, mara nyingi kiini bado kizima na kuziba kwa kawaida kunatosha. Kazi ya kikao kimoja, na hela yake ni ndogo. Linalouma dakika nyingi baada ya kitu cha moto, linalokuamsha usiku, linalotulizwa na maji ya baridi, hilo kiini chake kiko mwishoni. Laiti watu wangekuja kwenye hatua ile ya kwanza.

Amoksilini na metronidazo ni dawa nzuri mahali pake, lakini hazitibu jino lililokufa. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lile hakuna damu tena. Uvimbe unapungua, mgonjwa anaridhika, chanzo kimebaki. Halafu unarudi ukiwa mkaidi zaidi. Na kumeza vidonge vilivyobakizwa na jirani, dada fundi, nakuomba usirudie, hata mtu akikupa kwa upendo.

Sasa hili lisomwe na kila mmoja. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, ulimi ukaonekana kunyanyuka, ukashindwa kumeza mate, mdomo ukagoma kufunguka, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, hiyo siyo ya kusubiri kupambazuke. Nenda hospitali kubwa idara ya dharura usiku huohuo. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa. Nimewahi kumsindikiza kijana wa miaka ishirini na nne ambaye alianza na tundu moja tu.

#5 MzeeWaKashata

Mimi nitasema upande mwingine, maana nimeumia. Nilitibiwa mzizi miaka mitatu iliyopita, kazi ikafanyika vizuri, maumivu hakuna. Nikaambiwa niweke kofia. Nikaona nimeshatoa hela nyingi, jino haliumi, kofia ya nini. Miezi minane baadaye nikiwa natafuna kashata ya karanga nikasikia *ka!* Limepasuka katikati mpaka kwenye mzizi. Hakuna la kufanya, likang'olewa. Hela yote ikapotea. Kinachoniuma hakuna aliyenieleza kwamba bila kofia litavunjika. Nilidhani ni urembo.

#6 TabibuWaKinywa

Shikamoo mzee wangu, na pole sana. Kosa ni la upande wetu, mgonjwa anatakiwa aambiwe siku ya kwanza. Gego lililotibiwa mzizi limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake: tundu lililiozesha, nasi tukatoboa zaidi ili tufike ndani. Kinachobaki ni kuta zilizosimama bila paa, na magego ndiyo yanayobeba nguvu yote ya kutafuna. Kofia inazikumbatia zile kuta zisiachane. Meno ya mbele mara nyingi yanaweza kuishi bila kofia kama sehemu iliyobaki ni imara. Kwa gego, ukipanga bajeti ya mzizi, panga na ya kofia palepale. Hela yote isipopatikana kwa mkupuo, mwambie daktari ashushe kingo za jino na kulijenga vizuri likusubiri, na utafunie upande mwingine.

Na nikiri jambo. Zipo hali ambazo kung'oa ndiyo tiba sahihi: mzizi umepasuka, jino limebaki kisiki kisichoweza kushika kitu, au mfupa umelika mpaka jino linacheza. Tusimwonee aibu aliyeng'oa. Tunachotaka ni mtu apewe picha, aelezwe, achague.

#7 BintiWaPemba

Assalaam alaykum. Nimeona karafuu imetajwa juu hapo. Huku kwetu bibi zetu wakiumwa jino wanauma karafuu nzima mahali penye tundu, na wapo waliokuwa wanapaka mafuta yake. Ni kosa?

#8 TabibuWaKinywa

Waalaykum salaam dada. Bibi zetu hawakukosea, walikuwa na kituliza maumivu cha kweli. Mafuta ya karafuu yana yujino, ambayo inatuliza mshipa na kupunguza wadudu. Hata sisi tunaichanganya na unga wa zinki oksaidi kutengeneza simenti ya kuziba kwa muda, ndiyo harufu ile unayokutana nayo ukifungua mlango wa kliniki ya meno. Ila inatuliza tu, haiondoi kilichooza. Mafuta yenyewe ni makali, ukiyamwagia ufizi unaungua. Pamba kidogo yenye tone moja, ndani ya tundu, kwa usiku mmoja wa kusubiri kwenda hospitali, inatosha.

#9 Mkulima_Hai

Wakuu, mimi nimekulia Hai, mke wangu ni wa Arumeru kule Maji ya Chai. Meno yetu sote yana rangi ya kahawia tangu utoto. Nikiwa chuo Dar watu waliniambia nasukutua vibaya, nikawa nacheka nimeziba mdomo, mpaka leo nikipigwa picha nafumba midomo. Maswali yangu mawili. Je, haya ni meno mabovu? Na kwa kuwa chanzo ni madini ya floraidi, dawa ya mswaki yenye floraidi niikimbie?

#10 TabibuWaKinywa

Ndugu yangu, acha kuziba mdomo. Hiyo rangi haihusiani na uchafu kabisa. Maji ya maeneo yanayozunguka Meru na Kilimanjaro yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Mtoto akiyanywa miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya taya, yanatoka na madoa. Mtu mzima akihamia huko meno yake hayabadiliki rangi, yameshakamilika. Doa jepesi ni la rangi tu. Likiwa zito, gamba la jino linakuwa dhaifu na kumeguka, hapo unahitaji kuonwa. Yapo matibabu ya kupunguza rangi na kufunika, ulizia.

Dawa ya mswaki usiikimbie. Floraidi ya kwenye dawa inafanya kazi juu ya jino na unaitema. Angalia kwenye boksi, iwe kati ya 1000 na 1500 ppm. Kwa watoto ndipo penye uangalifu: chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele, mitatu mpaka sita, kiasi cha punje ya njegere, na mzazi asimamie wateme. Kwa watoto wenu wa kule hangaikieni zaidi maji ya kunywa na kupikia. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana shida hiyo. Kuchemsha hakusaidii, floraidi haiondoki kwa moto.

#11 Fundi_Msamvu

Asanteni sana, tabibu Mungu akuzidishie. Mzee wa kashata, pole baba.

Nirudi na jambo la nyumbani, maana gego langu limeokoka lakini kuna jingine.

Daktari wangu aliniuliza gego hili lilianza kuoza lini. Sikujua. Akaniambia gego lile, la kwanza la kudumu, linaota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa hiyo mzazi halioni likija. Akiliona limeoza anasema ni la utoto, litang'oka. Halitang'oka. Ndilo lilelile atakalozikwa nalo, akibahatika.

Nilirudi nyumbani nikamwita binti yangu, ana miaka saba na nusu. Nikamlaza mapajani, nikawasha tochi ya simu. Nikahesabu kutoka mbele: moja, mbili, tatu, nne, tano, na la sita liko pale, kubwa, jeupe, lina mikunjo mirefu juu. Kwenye mkunjo mmoja kuna alama nyeusi kama ncha ya kalamu ya wino. Nilihisi mwili unaisha nguvu. Nilikuwa namwambia kila siku "nenda kasukutue", anaingia bafuni, anatoka, nami niko kwenye cherehani sijainua macho.

Nilimpeleka kesho yake. Tundu halijafika ndani. Wamemsafisha na kuziba, na magego mengine matatu wakayapaka dawa ya kufunika mikunjo ili chakula kisijikite. Hakulia. Alitoka na kioo kidogo cha meno cha plastiki alichopewa, akaanza kumkagua kaka yake kwenye daladala.

Siku hizi usiku nasukutua naye, mimi na yeye tumekaa kwenye ngazi. Dakika mbili, mswaki laini, tunaanzia kwenye magego ambako zamani sikuwa nafika. Tunatema bila kusuuza kwa maji mengi, dawa ibaki. Baada ya hapo hakuna kitu isipokuwa maji. Mimi mwenyewe nilikuwa nasukutua asubuhi tu, nikitoka nyumbani. Kumbe usiku mate yanapungua, na ndipo wadudu wanapofanya kazi.

Na kitu kilichoozesha gego langu sasa nakijua. Chai. Nilikuwa naweka chupa pembeni ya cherehani, kikombe kina sukari vijiko vitatu, nanyonya kidogo, nashona, nanyonya kidogo, tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Kila funda moja linawapa wadudu sukari, wanaigeuza asidi, na jino linaoga asidi hiyo kwa takribani nusu saa kabla mate hayajaisawazisha. Ukinywa kwa mafunda madogo kutwa nzima, jino halipati hata dakika ya kupumzika. Siku hizi chai nainywa na chakula, naimaliza, nasuuza kinywa kwa maji. Soda ya kunyonya safari nzima ni yaleyale.

La pili, daktari aliona kijikato kwenye ncha za meno yangu mawili ya mbele, akaniuliza kabla sijamwambia kazi yangu: "Wewe ni fundi?" Miaka kumi na nne nakata uzi kwa meno. Nimefunga kimkasi kwa kamba shingoni. Mkono unakisahau, kinywa kinataka kwenda chenyewe, lakini najitahidi.

#12 Mama_Tarajali

Naomba kuuliza, nina mimba ya miezi mitano. Fizi zinatoka damu nikisukutua, na gego moja limeanza kushtuka. Mama mkwe anasema mjamzito haguswi meno mpaka ajifungue, eti damu haitakata. Nisubiri?

#13 TabibuWaKinywa

Hapana dada, usisubiri. Homoni za ujauzito zinafanya fizi zivimbe haraka kwa ukoga kidogo tu, kwa hiyo ndiyo wakati wa kusukutua zaidi, taratibu, hata damu ikitoka. Ule ukoga laini mswaki unautoa. Ukishakauka na kuwa ugaga hautoki kwa mswaki wala mkaa wala chumvi, unakwanguliwa kliniki. Mwezi wa nne mpaka wa sita ndio muda mzuri wa kutibiwa, kulala kitini bado si kero. Ganzi ya meno inatumika kwa wajawazito. Taja ujauzito wako mapema, watachagua dawa zinazofaa, na eksrei ikilazimika watakukinga. Uambukizo unaoachwa miezi minne una hatari kuliko kiti chetu. Mama mkwe mwambie kwa heshima, ukiweza nenda naye amsikie daktari mwenyewe.

Na kwa wasio na hela ya kuanzia: Machi 20 ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, hospitali nyingi hupima bure siku zinazoizunguka. Kupimwa tu kunakupa ukweli wa kinywa chako.

#14 DerevaWaUsiku

Nimerudi wakuu. Nimepigwa picha. Tabibu ulisema kweli, kivuli kipo kwenye mizizi miwili kati ya mitatu. Wameshafungua jino, wamepata vifereji vitatu, daktari anasema gego la juu mara nyingi lina cha nne kilichojificha, atakitafuta vizuri mara ijayo. Ganzi sikuiogopa kwa sababu ya dada fundi, nilikuwa nangojea tu ule mpira wa kudarizia, nao ukaja.

Swali moja la haraka. Wameniziba kwa muda juzi Alhamisi. Leo Jumamosi nimekula ugali na dagaa, kipande cha kizibo kimetoka, nasikia shimo kwa ulimi. Miadi ni Jumatano ya wiki ijayo. Haliumi. Nikae mpaka Jumatano?

#15 Fundi_Msamvu

Kaka usikae. Langu lilimeguka hivyohivyo. Daktari aliniambia kizibo kikitoka mate yanaingia na wadudu wanarudi kwenye vifereji vilivyokwisha kusafishwa, kazi inaanza upya. Wapigie simu leo kabla hawajafunga, wakuzibe upya hata dakika kumi. Kwa sasa pasafishe kwa maji ya vuguvugu, tafunia kushoto, usiweke pamba wala kutia kijiti.

#16 DerevaWaUsiku

Wamesema niwahi kabla ya saa nane. Nimeshawasha, naelekea huko.